Mkalimani wa Miguu Arobaini

Sifa na utukufu ni kwake Mungu, aliyeweka uhai ndani ya yai na ufahamu ndani ya mwanadamu, na ambaye amenivumilia mpaka kichwa changu kikajaa mvi. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanasoma herufi kubwa, kwa meno machache yaliyobaki, na kwa mlima ambao kila asubuhi, mawingu yakiruhusu, hunionyesha theluji yake kabla sijanywa chai. Nikishamshukuru hivyo, ninaweza kusimulia.

Nilikuwa fundi wa redio pale Gatitu. Kazi nilianza kujifunza mwaka uleule tulipopandisha bendera yetu, wakati redio zilikuwa na taa za vioo ndani, na ukifungua mgongo wake ulikutana na joto kama la jikoni. Baadaye taa zile zikaondoka, vikaja vidude vidogo vyenye miguu mitatu, nami nikajifunza tena. Nilidhani nimemaliza kujifunza. Lakini miaka ya themanini ilinikuta na jambo ambalo sijaacha kulistaajabia mpaka leo.

Siku za Jumapili nilikuwa mzee wa kanisa, na tena mkalimani. Wahubiri waliotoka mbali walisema kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nami nilisimama kando yao nikigeuza maneno kwa Kikuyu ili hata nyanya zetu wa viti vya mbele wasikie. Nataja kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kuelewa ile nyingine.

Asubuhi moja ya Januari, mama mmoja kutoka Chaka aliingia dukani kwangu bila kubisha. Nilimjua. Alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake wa kanisa letu la kule.

"Mzee, mashine imeshikwa na wazimu," alisema.

"Mashine gani, mama?"

"Ya mayai! Inawaka, haizimi. Ikizima, haiwaki. Mama mwenyekiti amekaa hapo na thamomita tangu jana. Ukimwambia apumzike anakuangalia tu."

"Sasa fundi wa redio na kuku wapi na wapi?"

"Kwani redio na hiyo si yote ni waya? Ati ulitaka tumwite daktari wa ng'ombe?"

Nilifunga duka. Tulipanda gari la maziwa lililokuwa likirudi Chaka na mitungi mitupu, na njiani alinieleza yote, akipaza sauti kushinda kelele za mitungi.

Mwaka uliokuwa umepita, ukame ulichoma Kieni yote, na baada ya ukame ukaja ugonjwa wa kuku. Boma zilizokuwa na kuku ishirini zilibaki na wawili au bila hata mmoja. Kikundi kilikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, kabati kubwa la mbao lenye feni na hita ndani yake. Mhandisi mmoja mgeni, rafiki wa kanisa, alikuwa ameliunda kwa mikono yake kabla ya kurudi kwao. Basi mama mwenyekiti, mjane wa miaka hamsini hivi, alitoka na kikapu akapita nyumba kwa nyumba. Aliomba mayai ya kuku wachache waliosalia. Hakuwaomba watu waliokuwa na vingi. Aliwaomba akina mama waliokuwa na watoto wanaolitazama lile yai mezani. Aliwaahidi kwamba baada ya siku ishirini na moja angerudi na vifaranga. Kila yai alilichora kwa penseli alama ya nyumba lilikotoka.

"Na leo ni siku ya ngapi?" niliuliza.

"Ya kumi na mbili."

Hata mimi, ambaye sijui kuku zaidi ya kuwala, nilielewa. Ndani ya mayai yale mia nne mioyo ilikuwa tayari inapiga.

Tulimkuta mama mwenyekiti kwenye kiti mbele ya kabati, macho kwenye kidirisha cha thamomita. Mama mwingine alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta, ameshika plagi ya hita.

"Hamjambo akina mama?"

"Usinisalimie sasa, mzee. Thelathini na saba... na nusu... chomoa!"

Yule wa ukutani akachomoa. Wakangoja. Sindano ikashuka kidogo.

"Chomeka!"

Walikuwa wamefanya hivyo kwa zamu usiku kucha na asubuhi yote, na mara kwa mara waliinuka kuyageuza mayai kwa mikono, moja moja, kama mama anavyomgeuza mtoto aliyelala. Jambo la kwanza nililolifanya ni kuwafungia swichi ya ukutani, maana plagi ile ilikuwa imeanza kutoa cheche. Kisha nikafungua kisanduku cha chuma kilichokuwa ubavuni mwa kabati.

Ndani yake kulikuwa na kibao cha waya, na katikati ya kibao kidude cheusi kirefu kama kidole changu, chenye miguu ishirini kila upande. Mgongoni kilikuwa na kidirisha cha kioo, cha mviringo, kikubwa kama punje ya hindi. Nilikuwa nimefungua redio nyingi maishani mwangu. Sikuwa nimewahi kukuta kitu kilichojengewa dirisha.

Katibu aliniletea mkebe wa biskuti ambao mhandisi aliuacha. Ndani yake kulikuwa na barua, na mama mwenyekiti alinitaka niwasomee kwa sauti, bila yeye kuondoa macho kwenye thamomita. Barua ilisema kwamba kidude kile chenye miguu arobaini, yaani chipu, ndicho akili ya mashine. Ndani yake mna kumbukumbu, na katika kumbukumbu yameandikwa maagizo yote: joto liwe kiasi gani, feni izunguke vipi, mayai yageuzwe saa ngapi. Ikitokea maagizo yamepotea, vilivyomo mkebeni vipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kuandikia chipu. Vilikuwa vitatu: chipu ndogo ya miguu ishirini na minne yenye nakala ya maagizo, chipu nyingine ya miguu arobaini, tupu, ya akiba, na kibao kidogo chenye matundu arobaini juu na miguu ishirini na minne chini. Kibao hicho barua ilikiita adapta.

"Unamjua mtu kama huyo?" mama mwenyekiti aliuliza.

"Namjua mmoja, mama. Mwalimu wa chuo cha ufundi mjini."

"Basi nenda. Sisi tutakuwa hapa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kuna nyumba iliyonipa mayai matano, na hayo ndiyo yalikuwa yote. Nitaingiaje mlangoni kwao mikono mitupu?"

Niliing'oa ile chipu ya mashine kwa uangalifu, nikaiweka mkebeni pamoja na nyingine, nikaenda.

Mwalimu huyo alikuwa kijana wa kutoka pande za ziwa, mrefu, mcheshi, aliyekuja Nyeri kufundisha na ambaye kila Januari alilalamika kwamba serikali imemtupa ndani ya friji. Nilimkuta katika chumba chake cha kazi amevaa koti jeupe. Nilimweleza habari ya mayai. Akaacha kucheka, akasema nimwonyeshe vitu.

Nilifungua karatasi inayong'aa kama fedha iliyofunga chipu ya akiba, nikaichomoa kutoka kwenye sponji nyeusi iliyoshika miguu yake. Niliona ina vumbi. Nikafanya kile ambacho kila mtu wa mlima hufanya akichuma plamu mtini. Niliisugua kifuani, kwenye sweta.

"Mzee!" mwalimu alipiga kelele. "Simama hapo hapo. Usitembee. Usiniguse."

"Nimekosa nini?"

"Umeisugua kwa sweta?"

"Ilikuwa na vumbi la Chaka."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ninyi watu wa huu mlima mnazaliwa mmevaa sweta na mnazikwa nayo. Lakini mzee wangu, leo umemzika mwingine."

Alivuta mapazia mpaka chumba kikawa na giza, akaniambia nivue sweta hiyo polepole. Ilikuwa ya sufu nzito, mke wangu aliifuma mwenyewe, na ndani nilivaa shati la nailoni. Nilipoipitisha kichwani nilisikia mlio mdogo kama wa majani makavu yanayokanyagwa, na mbele ya macho yangu zikarukaruka cheche za buluu. Nilikuwa nimevaa umeme, mimi fundi wa umeme, kila kiangazi kwa miaka yote hiyo, wala sikujua. Redio za zamani hazikujali. Mwalimu alisema kidude hiki, chenye njia nyembamba kuliko unywele, cheche moja kati ya hizo kwake ni kama radi.

"Labda imepona," nilisema.

"Tutaiuliza," alijibu.

Aliichomeka kwenye kibao cha wanafunzi cha kusomea chipu za namna hiyo, kisichoweza kuandika, akaiuliza, nayo haikujibu neno lililoeleweka. Chipu tupu hujibu namba moja ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Hii ilitoa namba za ovyoovyo, na ukiiuliza tena hutoa nyingine. Ilikuwa imekufa mikononi mwangu, nami nilikuwa nimeapa ndani ya moyo kwamba nitawasaidia wanawake wale. Nilikaa kwenye stuli, shati la nailoni limenibana, nikamwomba Mungu msamaha kwa ujinga wangu. Kwa maana ujinga nao huua, hata kama mwenye ujinga hana ubaya moyoni.

Mwalimu hakunisimanga tena. Aliichukua chipu ya pili, ile iliyotoka kwenye mashine yenyewe, akaitazama mgongoni.

"Stika yake iko wapi?"

"Stika gani?"

"Hili dirisha hufunikwa. Nani alibandua?"

Sikujua. Alinieleza kwamba kidirisha kile kimewekwa kwa ajili ya mwanga. Kuna mwanga wa namna fulani, usioonekana kwa macho, ukipita katika kioo hicho unafuta kila kitu kilichoandikwa. Na jua lina mwanga huo ndani yake. Ukiiacha wazi juani siku kadhaa, maagizo huanza kufifia, moja hapa, moja pale, mpaka mashine inachanganyikiwa.

"Basi na hii imekufa?"

"Hapana. Hii imesahau tu. Na iliyosahau inaweza kuandikiwa upya. Lakini kwanza tuifute kabisa, isibaki na neno nusu." Aliniangalia. "Imebaki hii moja, mzee. Kuanzia sasa tunafanya kwa utaratibu wangu. Kanisani mnavua kofia, sivyo? Hapa tunavua sweta."

Alinifunga waya kwenye kifundo cha mkono. Waya huo ulipita kwenye rezista kisha ukaenda ardhini, ili umeme wowote nilio nao uondoke kidogokidogo pasipo kishindo. Naye akajifunga wake. Aliilaza chipu ndani ya kisanduku chenye taa ya kufutia, akafunga kifuniko, akaniambia nisichungulie kwa maana taa ile huumiza macho. Tungoje nusu saa.

Katika nusu saa ile alinipa lenzi, akanipa na ile chipu niliyoiua, niitazame dirishani. Nimesimama juu ya kilima cha Nyeri asubuhi isiyo na ukungu na kuona mashamba yote chini, mistari ya chai, mistari ya kahawa, vijia vinavyogawa shamba na shamba. Niliyoyaona ndani ya kioo kile yalikuwa hivyo hivyo, shamba na shamba, njia na njia, zenye rangi ya zambarau na dhahabu kila nilipoigeuza kwenye mwanga, na yote yalikuwa madogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Mwalimu aliniambia katika kila kijishamba umewekwa umeme au haukuwekwa, ndiyo au hapana, basi. Na umeme huo ukishafungiwa hukaa humo miaka na miaka, hata mashine ikizimwa, hata ikisafirishwa nchi ya mbali, mpaka mwanga uje kuufungua.

Nilifikiri juu ya yai. Mwanadamu ameandika maagizo ya kulitunza joto, na ametumia kioo na dhahabu na taa na akili za watu wengi wenye elimu. Lakini ndani ya yai kuna maagizo ya kutengeneza jicho, na unyoya, na mdomo, nayo hayajafutika tangu siku ya kuumbwa. Niliona haya na furaha kwa pamoja.

"Mzee, unalia?"

"Ni lenzi yako. Ina vumbi."

"Usiisugue kwa shati!"

Tukacheka, na tulihitaji kucheka.

Kisha alichukua adapta. Mashine yake ya kuandikia ilikuwa na matundu ishirini na manne tu. Ilitengenezwa kwa chipu za kawaida za kumbukumbu. Haikujua lugha ya chipu ya miguu arobaini. Adapta ilikaa katikati: miguu yake ya chini iliingia kwenye mashine, na matundu yake ya juu yakaipokea chipu, kila mguu ukaletewa kilicho chake.

"Ni mkalimani," nilisema.

"Eeh?"

"Anasimama kati ya mhubiri na watu. Anapokea kwa lugha hii, anatoa kwa lugha ile. Haongezi wala hapunguzi."

"Mzee, nimefundisha hiki kitu miaka mitatu na sijawahi kukisema vizuri hivyo."

Nikamwambia ninajua kwa sababu nilishawahi kukosea. Mhubiri mmoja mgeni alisema Mungu huwapokea watu wote, nami nikaongeza kwa Kikuyu, "lakini wafike mapema." Kanisa zima likacheka, na mhubiri maskini akabaki akijiuliza neno lake limechekesha wapi. Wazee waliniita baada ya ibada, wakanitia adabu. Nilikuwa nimetaka kuwa na neno langu mahali ambapo sikualikwa kusema.

"Basi tumpime mkalimani wetu," mwalimu alisema, "kabla hatujamwamini."

Huo ndio utaratibu uliookoa kazi yote. Hakuiweka chipu kwenye adapta moja kwa moja. Alichukua mita na ile barua ya mhandisi, ambayo nyuma yake aliichora miguu yote na mahali inapounganishwa, tukapima kila mguu, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisoma karatasi, yeye akagusa, mita ikalia. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Tulipofika thelathini na moja, mita ililia mahali pawili. Waya unaobeba umeme wa kuandikia, ule mkali kuliko wote, ulikuwa umelegea ndani ya mkebe na kulala juu ya jirani yake.

Mwalimu alipiga mluzi. "Tungewasha hivi, tungeichoma."

Hapo ndipo mimi nilipofaa. Kama kuna jambo moja ambalo mikono yangu ilijua tangu ujana, ni kulehemu waya mwembamba. Nilipasha kilehemu, nikauinua waya ule, nikaukata, nikaufunga mahali pake kwa tone dogo la risasi linalong'aa. Tukapima upya, tukianzia mguu wa kwanza. Alikataa kuanzia thelathini na moja.

"Mkalimani akishakosea mara moja," alisema, "unamsikiliza mahubiri yote tena."

Kisha volti. Kitufe cha mashine yake kilikuwa kwenye ishirini na tano, kwa maana chipu za zamani zilitaka hivyo. Hii ilitaka ishirini na moja. Aligeuza, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma ishirini na moja. Akaniambia nisome tena. Volti nne tu za ziada, alisema, zinatosha kuipofusha. Akazima umeme wote kabla ya kuiweka chipu. Chipu ina pengo dogo upande mmoja, linaloonyesha kichwa chake kiko wapi. Alinionyesha pengo, akanionyesha alama kwenye adapta, akaningoja niseme mwenyewe kwamba vinaelekeana. Akaishusha kwenye matundu, akabana taratibu mkono wa soketi, ule unaoishika miguu. Ndipo akawasha.

Kwanza tuliiuliza kama ni tupu. Namba zilipita, zote namna moja, mwanzo hadi mwisho. Haikubaki hata nusu ya neno. Akaiweka ile chipu ndogo ya nakala kwenye soketi ya pili ya mashine, ya kusomea.

"Omba, mzee," alisema. Hakuwa akitania.

Niliomba kwa maneno machache. Akabonyeza.

Kazi ilichukua dakika tatu na nusu. Tarakimu nyekundu zilipanda moja moja kwenye kioo cha mashine, na kila tarakimu ilikuwa neno linaloingia mahali pake. Nje wanafunzi walikuwa wakipiga mpira, na niliwasikia kama watu walio ng'ambo ya bonde. Nilitazama chipu ndani ya soketi. Haikutikisika, haikutoa sauti wala moshi, na hali ndani yake maelfu ya vijishamba yalikuwa yakipandwa. Nimeshuhudia ubatizo mwingi, na kila mara kuna kitambo kidogo ambapo jicho halioni kinachotendeka lakini moyo unajua kinatendeka. Kitambo kile kilikuwa kama hivyo.

Tarakimu zikasimama. Mwalimu akaagiza mashine ilinganishe neno kwa neno, nakala na chipu. Zikapanda tena, zikasimama tena.

"Sawa," alisema, akaketi chini kama mtu aliyebeba gunia. "Haikukosea hata moja."

Alizima, akaitoa, akafunika kidirisha kwa kipande cha utepe mweusi, akabonyeza pembe zake kwa kidole gumba. Akaitia miguu kwenye sponji, akaifunga kwa karatasi ile inayong'aa. Nilipotaka kuvaa sweta aliniambia niibebe mkononi, upande mwingine, mbali na mkebe. Nikaenda Chaka jioni ile na shati tu, katika upepo wa Kieni, na sikuona baridi.

Mama mwenyekiti alikuwa kwenye kiti kilekile. Wa ukutani alikuwa mwingine. Niliuliza kama mayai yamepoa. Akasema hapana, ila mara moja asubuhi, mama mmoja aliposinzia hita ikiwaka, pembe ya nyuma ilipata joto kali kidogo. Nilijifunga waya mkononi, nikazima kila kitu, nikatazama pengo, nikaishusha chipu mahali pake. Nikawasha.

Feni ilianza kuzunguka. Taa ndogo ya hita ikawaka. Mama mwenyekiti hakuhama.

"Thelathini na saba na nusu," alisema. "Zima!"

Taa ilikuwa imeshazima yenyewe. Tukangoja. Sindano ikashuka.

"Washa!"

Taa ilikuwa imeshawaka kabla neno halijamtoka. Alinigeukia kwa mara ya kwanza siku hiyo, macho mekundu. Akajaribu tena, na tena, kimyakimya sasa, midomo tu ikitikisika, na kila mara mashine ilimtangulia. Halafu trei za mayai zikaanza kuinama zenyewe, polepole, upande mmoja, na akina mama waliokuwa mlangoni wakapiga vigelegele vitano, kama vya mtoto wa kiume aliyezaliwa.

Walipotulia niliwauliza juu ya stika.

"Ile karatasi chafu?" alisema mama mwenyekiti. "Ni mimi nilibandua. Mvua ilipoisha kisanduku kilikuwa na unyevu, kabla tuweke mayai. Tukakitoa tukakianika na mahindi, kikiwa wazi, siku sita. Nikaona hiyo karatasi imeoza, nikaitoa, nikapangusa hako kadirisha kakang'aa."

"Mama, jua lilifuta maneno yake."

"Jua? Hii jua ya Mungu?"

"Hiyo hiyo."

Niliona uso wake unaanza kuanguka, nikawahi kumweleza habari ya chipu ya akiba na sweta yangu, bila kuficha kitu. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Kwa hivyo mimi niliianika kama mahindi, na wewe ukaisugua kama plamu."

"Ndivyo, mama."

"Mungu ako na uvumilivu na sisi."

Akaenda nyuma ya jengo, akalala juu ya magunia, na hakuna aliyemwamsha mpaka asubuhi.

Siku ya ishirini na moja tulikusanyika pale, hata mwalimu alikuja, amevaa koti juu ya koti. Ukiweka sikio karibu na kabati ulisikia milio midogo, na milio hiyo ilitoka ndani ya mayai ambayo bado hayajapasuka. Walikuwa wakiitana kabla ya kuonana. Kisha ganda moja likapata ufa, likaonekana ncha ya mdomo, ikapumzika, ikagonga tena. Hakuna mtu aliyekiambia kifaranga kile kwamba kuna nje. Mwalimu alivua kofia yake bila kuambiwa.

Si yote yaliyoanguliwa. Yale ya pembe ya nyuma hayakuamka, na mama mwenyekiti aliyatoa moja moja akisoma alama za penseli. Kati ya yale matano ya nyumba aliyonitajia, halikuanguliwa hata moja. Aliyashika mikononi kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Alisimama, akawaambia wanawake kwa sauti ya kawaida kwamba kuanzia hapo alama hazina kazi tena. Vifaranga ni vya nyumba zote zilizotoa, na kila nyumba itapata kwa hesabu ya mayai iliyotoa, yawe yameanguliwa au hayakuanguliwa, mpaka vifaranga viishe. Na ikiwa kuna nyumba itakayokosa, iwe yake yeye. Hakuna aliyepinga. Akaokota vifaranga vitano, akavitia kwenye kikapu chenye kitambaa, akaanza na mlango ule.

Nilimsindikiza mpaka njia panda. Vilikuwa vikilia ndani ya kikapu, naye akitembea kwa haraka ya mtu anayengojwa.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu wa uvumilivu akutunze. Akusamehe yale uliyoyaharibu kwa kutojua, akupe mtu wa kukufundisha pasipo kukudharau, na kazi ya mikono yako aithibitishe. Nyumba yako isikose sauti ya kilicho hai. Amina.